Mpanda Ngazi Hushuka: Historia ya Wachezaji wa Hoki ya Barafu na Timu Zao za Chini

 

Leo tutaeleza historia ya kazi ambayo ni ngeni kwetu, nayo ni kazi ya kucheza hoki ya barafu huko Kanada na Marekani. Tutauliza swali moja, na yafaa mlikumbuke mpaka mwisho. Mchezaji akiisha kuajiriwa na timu kubwa, ni nani mwenye uwezo wa kumpandisha, kumshusha, au kumweka chini miaka yote? Zamani jibu lilikuwa fupi sana: mwenye timu. Leo jibu ni refu, maana limeandikwa katika kanuni nyingi. Tutaona jinsi jibu lile fupi lilivyogeuka kuwa refu, na watu walivyoumia njiani.

MCHEZO WENYEWE

Wengi wetu tunaufahamu mpira wa magongo unaochezwa juu ya majani. Kenya ilipata sifa kubwa katika mchezo huo. Mwaka wa 1971 timu yake ilishika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza. Hoki ya barafu ni ndugu ya mchezo huo, lakini huchezwa juu ya sakafu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, kikali kama kisu, nao huteleza kwa mwendo wa kasi. Badala ya mpira wa mviringo wanapiga kisahani cheusi cha mpira mgumu. Hata Nairobi, mwaka wa 2005, kilifunguliwa kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, na Wakenya waliojifunza humo wakaunda timu yao, Ice Lions.

Kila upande huwa na watu 6 uwanjani, pamoja na golikipa. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20. Mbio zake huchosha mno, hata mchezaji hukaa barafuni kwa muda wa dakika moja tu au pungufu, kisha hutoka akaingia mwenzake. Kwa hiyo watu 6 hawatoshi. Siku ya mchezo timu huandika majina 20, yaani wachezaji 18 na makipa 2.

Sasa fikirini. Mchezo huu una magongo, chuma na kuta ngumu, na watu huumia kila juma. Mchezaji mmoja akivunjika mkono leo, kesho anatakiwa mwingine aliye tayari, aliyefanya mazoezi, anayeujua mchezo wa timu ile. Mtu huyo atatoka wapi? Hapo ndipo zilipoanza timu za chini.

TIMU SITA NA MASHAMBA YAKE

Ligi iliyo kubwa kupita zote huitwa National Hockey League. Ilianzishwa mjini Montreal, Kanada, mwezi wa Novemba 1917. Katika somo hili tutaiita Ligi Kuu. Tangu mwaka wa 1942 mpaka mwaka wa 1967 Ligi Kuu ilikuwa na timu 6 tu: Montreal, Toronto, Boston, Chicago, Detroit na New York.

Tufanye hesabu. Timu 6, kila moja ina watu karibu 20. Basi katika nchi mbili kubwa kulikuwa na nafasi za kazi kama 120 hivi, na vijana waliozitamani walikuwa maelfu.

Chini ya Ligi Kuu kulikuwa na ligi nyingine. Iliyo mashuhuri ni American Hockey League, iliyoanza mwaka wa 1936. Sisi tutaiita Ligi ya Pili. Baadhi ya timu za chini zilikuwa mali ya timu kubwa, na nyingine zilifanya mapatano nazo. Wenyeji wa kule waliziita timu za shamba. Jina hilo lilifaa kabisa. Timu kubwa ilipanda vijana huko chini, ikawapalilia, kisha ikavuna waliokomaa.

Mtu aliyelima shamba la namna hii kwa bidii kubwa ni Frank Selke. Alianza kazi ya umeneja huko Montreal mwaka wa 1946, akatandaza timu za vijana na timu za chini mahali pengi katika Kanada. Mavuno yakaonekana: Montreal walitwaa Kombe la Stanley, kombe kuu la mchezo huu, miaka 5 mfululizo, kuanzia 1956 mpaka 1960.

Shamba likilimwa vizuri mwenye shamba hufaidi. Je, na mche uliopandwa? Mche hauchagui bustani.

KARATASI YENYE HERUFI C

Siku zile timu kubwa zilizitegemeza timu za vijana kwa fedha. Kijana aliyeonekana hodari aliletewa karatasi iliyojulikana kwa herufi C. Mara nyingi alipewa dola 100 ili atie sahihi. Kama umri wake haujafika miaka 18, mzazi wake alitia sahihi pia. Tangu siku hiyo kijana alikuwa amefungwa kwa timu moja ya Ligi Kuu. Timu ile ndiyo iliyoamua acheze wapi na alipwe nini, na iliweza kuihamisha haki hiyo kwa timu nyingine pasipo kumwuliza yeye.

Bobby Orr, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa zama zote, alifungwa na Boston mwaka wa 1962 akiwa na umri wa miaka 14. Yeye alifanikiwa, tena upesi. Mwaka wa 1966 aliingia Ligi Kuu. Lakini vijana wengi waliotia sahihi karatasi kama yake hawakucheza Ligi Kuu hata siku moja. Walibaki katika miji midogo, kwa mshahara mdogo, na mlango wa kwenda timu nyingine ulikuwa umefungwa.

Fikirini juu ya baba aliyeletewa karatasi ile mezani pake. Dola 100 alizifahamu mara moja. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalitaka kusomwa polepole.

GOLIKIPA ALIYESUBIRI

Tutazame sasa maisha ya watu watatu, tupate kuona jinsi mambo haya yalivyokuwa.

Wa kwanza ni Johnny Bower, golikipa. Mwaka wa 1945, baada ya kutumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, alianza kazi katika timu ya Cleveland ya Ligi ya Pili. Kumbukeni kwamba siku zile timu kubwa haikulazimika kuwa na makipa 2 tayari. Kanuni ya kipa wa pili ilikuja katika msimu wa 1965–66. Kwa hiyo katika Ligi Kuu yote kulikuwa na kazi za makipa 6 tu.

Bower alikaa Cleveland miaka 8. Mwaka wa 1953 New York walimwita juu, akacheza michezo yote 70 ya msimu ule. Kipa aliyeondolewa ili yeye aingie alikuwa Gump Worsley, ambaye msimu uliotangulia alikuwa amepewa tuzo ya mchezaji mpya bora wa Ligi Kuu. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Worsley alirudi juu, na Bower akashuka. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Lakini hapa aliyeshika ngazi hakuwa mpandaji.

Huko chini Bower alichaguliwa mara 3 mfululizo kuwa mchezaji bora wa Ligi ya Pili. Hata hivyo aliendelea kukaa huko. Mwaka wa 1958 Toronto walimchukua, naye akiwa na umri wa miaka 33, umri ambao wengine hufikiri kustaafu. Akiwa nao alitwaa Kombe la Stanley mara 4: mwaka wa 1962, 1963, 1964 na 1967. Alicheza mpaka Desemba 1969, akiwa na umri wa miaka 45. Basi mtu yule hakukosa uwezo katika miaka ile ya kusubiri. Nafasi zilikuwa chache, na funguo zilikuwa mikononi mwa wengine.

DAKIKA MOJA, NA MICHEZO 45

Wa pili ni Larry Kwong, Mkanada mwenye asili ya Kichina, aliyezaliwa Vernon, British Columbia, mwaka wa 1923. Alikuwa mfungaji hodari katika timu ya chini ya New York. Tarehe 13 Machi 1948 alipandishwa Ligi Kuu kwa mchezo mmoja dhidi ya Montreal. Aliketi benchi vipindi viwili vizima. Katika kipindi cha tatu akaingizwa barafuni kwa muda wa dakika moja hivi. Huo ndio uliokuwa mwanzo wake na mwisho wake katika Ligi Kuu. Baadaye alikwenda timu za Quebec, ambako alicheza miaka mingi na kupendwa na watu.

Wa tatu ni Willie O'Ree, aliyezaliwa Fredericton, Kanada, mwaka wa 1935. Yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu. Boston walimpandisha kutoka timu ya Quebec, akacheza mchezo wake wa kwanza mjini Montreal tarehe 18 Januari 1958. Boston walishinda 3–0. Baada ya michezo 2 alirudishwa chini. Alingoja karibu miaka mitatu. Katika msimu wa 1960–61 alirudi juu akacheza michezo 43, huku akivumilia matusi ya rangi yake viwanjani. Kisha Boston wakampeleka Montreal, na Montreal wakamweka chini. Hakupanda tena kamwe.

Kuna jambo jingine ambalo O'Ree alilificha. Alipokuwa kijana kisahani kilimpiga jichoni, na jicho la kulia likapofuka. Hakuwaambia wenye timu, kwa sababu wangemkataza kucheza. Akajifunza kugeuza kichwa ili aone kwa jicho moja. Aliendelea kucheza katika ligi za chini mpaka mwaka wa 1979. Mweusi wa pili katika Ligi Kuu, Mike Marson, alifika mwaka wa 1974. Mwaka wa 2018 O'Ree aliingizwa katika Jumba la Wachezaji Mashuhuri, na mwaka wa 2022 Boston waliiondoa namba yake, 22, isivaliwe na mchezaji mwingine.

Mtaona ya kuwa katika habari za watu hawa watatu hakuna mahali palipoandikwa kwa nini ameshushwa. Mwenye timu hakulazimika kueleza. Kama sababu ilikuwa mchezo, au mshahara, au rangi ya mtu, nani angeweza kujua? Pasipo kanuni, hukumu na chuki huweza kuvaa nguo moja.

WACHEZAJI WASHIKANA

Mwaka wa 1957 wachezaji wa Ligi Kuu walijaribu kuunda chama. Kiongozi wao alikuwa Ted Lindsay wa Detroit. Kila mchezaji alikuwa akikatwa dola 900 kwa mwaka kwa ajili ya akiba ya uzeeni. Lindsay na wenzake waliuliza: hesabu ya fedha hizi iko wapi? Hawakuonyeshwa.

Wakati huo Lindsay alikuwa ametoka katika msimu mzuri kuliko yote aliyopata kucheza. Hata hivyo mwezi wa Julai mwaka ule ule Detroit walimwondoa wakampeleka Chicago, na Chicago ilikuwa timu dhaifu siku zile. Jimmy Thomson wa Toronto, aliyekuwa pamoja naye katika shauri hili, naye akapelekwa Chicago. Wachezaji wengine waliona, wakaelewa. Chama kikafa kabla ya kukomaa. Hapa twaona matumizi ya pili ya uwezo wa kuhamisha watu. Uwezo huo uliweza kujaza nafasi ya aliyeumia, na uliweza pia kumnyamazisha aliyeuliza swali.

Ajabu ni kwamba chama kilichodumu kilipata nguvu kutoka timu ya chini. Katika mji wa Springfield, Massachusetts, mwenye timu alikuwa Eddie Shore. Zamani yeye mwenyewe alikuwa mchezaji mashuhuri wa Boston, lakini alipokuwa tajiri wa timu alijulikana kwa ukali. Mwezi wa Desemba 1966 aliwasimamisha wachezaji watatu bila malipo. Wenzao wote wakakataa kucheza. Walimwita mwanasheria kijana wa Toronto, Alan Eagleson, awasemee. Mwaka wa 1967 Shore aliacha kuiendesha timu, na mwaka huo huo wachezaji wa Ligi Kuu wakaunda chama chao, Eagleson akawa mkurugenzi. Wachezaji wa ligi za chini nao wakapata chama chao mwaka ule ule wa 1967.

Lakini msidhani habari hii inaishia kwa furaha tupu. Mwaka wa 1998 Eagleson alikiri mahakamani makosa ya udanganyifu aliyoyatenda alipokuwa kiongozi, akafungwa gerezani. Wachezaji walijifunza kwamba hata chama chako mwenyewe yakupasa kukiomba hesabu.

MLANGO WAFUNGUKA

Mambo matatu yalivunja mfumo wa zamani.

Jambo la kwanza: mwaka wa 1963 Ligi Kuu ilianza kuchagua vijana kwa zamu, yaani timu moja huchagua, kisha nyingine, na kadhalika. Ilipofika mwaka wa 1969 mpango wa kuzitegemeza timu za vijana ulikuwa umekwisha, na karatasi ya C ikatoweka pamoja nao.

Jambo la pili: mwaka wa 1967 Ligi Kuu iliongeza timu kutoka 6 mpaka 12. Nafasi za kazi zikawa mara mbili kwa siku moja. Watu waliokaa chini miaka mingi wakapanda.

Jambo la tatu: mwaka wa 1972 ilianza kucheza ligi nyingine kubwa ya kushindana na Ligi Kuu, jina lake World Hockey Association. Bobby Hull, mfungaji mkubwa wa Chicago, alihamia timu ya Winnipeg ya ligi hiyo mpya, akapewa dola milioni 1 kwa kutia sahihi tu. Ligi Kuu ilidai kwamba mchezaji hubaki mali ya timu yake hata mkataba ukiisha. Mwezi wa Novemba 1972 jaji wa Philadelphia alizuia dai hilo lisitumiwe dhidi ya waliohama. Ligi mpya ilikufa mwaka wa 1979, na timu 4 katika zake zikaingia Ligi Kuu. Lakini wachezaji walikuwa wamekwisha kujua thamani yao.

KANUNI ZA SIKU HIZI

Sasa tutazame utaratibu wa zama zetu. Tangu mwaka wa 2021 Ligi Kuu ina timu 32, na tangu mwaka wa 2022 Ligi ya Pili nayo ina timu 32. Kila timu ya juu ina mwenzake chini. Kwa mfano, Toronto ina timu yake ya chini katika mji huo huo, na Washington hupeleka watu wake Hershey, mji wa Pennsylvania unaojulikana kwa chokoleti. Yaliyofuata hapa ni kanuni zilizotumika katika msimu wa 2024–25.

Kwanza, hesabu ya watu. Timu iliweza kuwa na mikataba 50, lakini wachezaji wasiozidi 23 katika orodha yake ya juu kwa sehemu kubwa ya msimu. Akitaka kumpandisha mtu wa 24, meneja hana budi kumwondoa mmoja. Mtu aliyeumia kwa siku 7 au zaidi aliweza kuwekwa kando katika orodha ya wagonjwa, nafasi yake ikajazwa.

Pili, mshahara. Tangu mwaka wa 2005, baada ya msimu mzima kupotea kwa ugomvi wa waajiri na wachezaji, kuna kikomo cha jumla ya mishahara ya timu. Katika msimu wa 2005–06 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 39. Kwa hiyo meneja huhesabu watu, na papo hapo huhesabu fedha.

Wapo wachezaji wenye mkataba wa mishahara miwili, mmoja akiwa juu na mwingine akiwa chini. Hesabu hufanywa kwa siku. Mshahara mdogo kuliko yote katika Ligi Kuu msimu ule ulikuwa dola 775,000, na msimu una siku kama 190. Gawanyeni: ni zaidi ya dola 4,000 kwa siku moja. Sasa tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mtu huyo huyo akiwa chini mkataba wake unasema dola 80,000 kwa msimu. Hiyo ni kama dola 421 kwa siku. Akiitwa juu kwa siku 10 amepata zaidi ya dola 40,000. Akibaki chini siku hizo 10 amepata dola 4,210. Simu moja ya meneja ina uzito kiasi hicho.

Tatu, tangazo la saa 24. Kanuni hii ndiyo jibu la taabu ya Bower. Timu ikitaka kumshusha mchezaji mzoefu, haiwezi kumshusha kimya kimya. Hutangaza jina lake kwa timu zote nyingine, nazo hupewa saa 24. Timu yoyote ikimtaka humchukua pamoja na mkataba wake. Zikimtaka timu mbili au zaidi, hutangulia ile iliyo dhaifu katika msimamo wa ligi. Asipotakwa na timu yoyote, ndipo hushuka. Kwa njia hii ni vigumu timu moja kumficha chini mtu anayefaa kucheza juu mahali pengine.

Nne, vijana. Mchezaji mpya hushuka na kupanda bila tangazo mpaka apate uzoefu. Mtu aliyetia sahihi mkataba wa kwanza akiwa na miaka 20, na ambaye si kipa, alikuwa katika hali hiyo kwa miaka 3 au mpaka acheze michezo 160, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo timu ikibanwa, mara nyingi hushuka kijana, hata kama amecheza vizuri kuliko mzee. Kinachomshusha ni kanuni, wala si kosa lake. Kijana asiyelijua jambo hilo huweza kuvunjika moyo bure.

Je, kanuni huzuia hila zote? La. Mwaka wa 2008 New York walimpa mlinzi Wade Redden mkataba wa miaka 6 wenye jumla ya dola milioni 39. Alipopungua nguvu walimtangaza, na hakuna aliyemtaka kwa bei ile. Mwaka wa 2010 wakampeleka Hartford katika Ligi ya Pili, akacheza huko misimu miwili. Alilipwa mshahara wake kamili, lakini kwa kuwa alikuwa chini, fedha zile hazikuhesabiwa katika kikomo cha timu. Mapatano ya mwaka wa 2013 yakaziba sehemu kubwa ya ufa huo: tangu hapo mshahara mnene wa aliyeshushwa huendelea kuhesabiwa, isipokuwa kiasi fulani tu. Ndivyo kanuni zinavyokua. Mtu huona upenyo, hupita, kisha wengine huja na udongo wa kuuziba.

Na siku nyingine hata ngazi yenyewe haitoshi. Tarehe 22 Februari 2020 timu ya Carolina ilicheza mjini Toronto, na makipa wake wote wawili wakaumia katika mchezo mmoja. Kwa kanuni ya dharura akaingia David Ayres, mtu wa miaka 42, ambaye alipata kufanya kazi ya kuendesha mashine ya kulainisha barafu. Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alifungwa mabao 2, akazuia mikwaju 8, na Carolina wakashinda 6–3.

TUNALOPATA KATIKA SOMO HILI

Kupanda na kushuka hakukukomeshwa. Mchezo huu hauwezi kuendelea bila watu wa akiba, na Ligi ya Pili yenyewe husema kwamba karibu wachezaji 9 katika kila 10 wa Ligi Kuu walipita kwake. Kuanzia chini ni heshima wala si aibu. Kilichobadilika ni kwamba uwezo wa kumshusha mtu umewekewa mipaka: idadi, saa, miaka na fedha, vyote vimeandikwa. Bower akishushwa hakuwa na ukurasa wa kuonyesha. Mchezaji wa leo anao, naye huweza kusema, "Tazama hapa, saa 24 hazijaisha."

Kila kimoja cha vipimo hivyo kilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyesoma, akauliza, na mara nyingine akaadhibiwa kwa kuuliza. Ninyi mliofika hatua hii ya kusoma mnaweza kuufungua mkataba wowote, wa kazi, wa nyumba au wa mkopo, na kutafuta mambo yale yale: nani anaweza kuniondoa, kwa taarifa ya muda gani, nami nitalipwa nini nikihamishwa. Kama maneno hayo hayamo, ulizeni kabla ya kushika kalamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini timu ya hoki ya barafu huhitaji wachezaji wa akiba wengi?
2. Karatasi ya C ilimfunga kijana kwa namna gani? Nani alifaidika zaidi?
3. Kama tangazo la saa 24 lingekuwako mwaka wa 1954, unadhani Johnny Bower angerudi chini? Toa sababu.
4. Mchezaji analipwa dola 4,000 kwa siku akiwa juu na dola 421 akiwa chini. Akikaa juu siku 15 na chini siku 15, jumla ni kiasi gani?
5. Katika kazi unayoifanya wewe, ni jambo gani ambalo lingefaa kuandikwa lakini halijaandikwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.